Kikombe cha Behewa Namba Moja

Nchi ninayoieleza haitajwi jina katika maandishi haya, na sababu ni ya kawaida tu: raia wake ni wakarimu, lakini serikali yake hupenda kuulizwa kwanza. Ina milima miwili, ziwa moja, jeshi, wimbo wa taifa wenye beti tisa, na treni ya usiku. Milima na ziwa vilikuwapo kabla ya serikali, jambo ambalo limewahi kuundiwa tume. Treni ndiyo mada yangu.

Reli ilijengwa na wakoloni ili kusafirisha karanga kutoka Kasangazi, magharibi, hadi makao makuu, mashariki. Abiria hawakuwamo katika mpango. Abiria wa kwanza alipanda akiwa amejilaza katikati ya magunia, na mkaguzi alipomkuta alimtoza nauli ya gunia. Wakoloni walikuwa watu wa faida. Mwaka uliofuata waliunganisha mabehewa manane ya abiria nyuma ya yale ya karanga. Treni iliondoka Kasangazi jioni ikafika makao makuu asubuhi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona ajabu yoyote katika hilo.

Uhuru ulipopatikana, Rais wa Kwanza aliamua kusafiri kwa treni hiyo ili wananchi waone kwamba sasa ni yao. Alitengenezewa behewa lake peke yake, likapakwa rangi nyeupe, likaitwa Behewa Namba Moja. Mbele ya umati, dirishani, aliletewa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Alikunywa bila haraka, akaweka kikombe kwenye kisahani, na papo hapo treni ikaondoka. Ilitokea hivyo kwa bahati, maana dereva hakuwa akimwona. Lakini ofisa mmoja aliyesimama karibu aliandika alichokiona, na kwa kuwa alikuwa ofisa, alichokiandika kikawa kanuni: treni itaondoka baada ya Mheshimiwa Rais kumaliza chai na kuweka kikombe chini.

Rais hakupanda treni tena. Mwaka huohuo alipewa ndege.

*

Jioni iliyofuata chai ilipelekwa Behewa Namba Moja kama kanuni inavyotaka. Ikapoa. Treni haikuondoka. Kesho yake ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Bunge likaunda kamati.

Mjumbe mmoja, mgeni katika siasa, alipendekeza kanuni ifutwe. Aliulizwa kama ana maana kwamba Rais hatapanda tena treni ya wananchi wake. Akasema hakuwa na maana hiyo. Akaulizwa, basi alikuwa na maana gani? Mjumbe huyo baadaye alifanikiwa sana katika kilimo.

Kamati ilishauri kianzishwe cheo cha Mnywaji wa Niaba, ambaye atakunywa chai ya Rais kwa barua maalumu ya uteuzi, bila yeye mwenyewe kuwa Rais. Mnywaji wa kwanza alikuwa shemeji wa waziri, lakini uchunguzi ulithibitisha kwamba alikuwa na kiu halisi. Chini ya kisahani ilifungwa swichi yenye waya hadi kwa dereva. Kikombe kikitua kitupu, kengele inalia. Kengele ikilia, dereva anaondoa treni. Mfumo huu ulizinduliwa kwa sherehe na umefanya kazi vizuri kila mara Mnywaji alipokuwapo.

Behewa la Rais haliwezi kusafiri bila ulinzi, kwa hiyo likaongezwa behewa la walinzi. Walinzi wanakula, kwa hiyo likaongezwa la jiko. Likaja la bendi ya tarumbeta, la waandishi wa habari wanaoripoti kwamba safari inaendelea vizuri, na mawili ya watu wanaohakikisha kwamba hayo mengine yapo. Injini ilikuwa ileile. Kila behewa jipya lilipofungwa mbele, moja la abiria lilifunguliwa nyuma, mpaka likabaki moja. Waziri aliwaeleza wananchi kwamba serikali imewaondolea usumbufu wa kuchagua pa kukaa.

Pamoja na hayo, kila stesheni njiani ilikuwa na Kamati ya Kudumu ya Mapokezi, yenye kwaya, wazee, risala na mbuzi wa zawadi. Kila treni ilipopita, kwaya iliimba kuelekea dirisha lililofungwa, na kama hakuna aliyejibu, ilihesabiwa kwamba Mheshimiwa ameguswa. Marais walibadilika, wengine kwa uchaguzi na wengine kwa redio kutangaza alfajiri. Mapokezi hayakubadilika.

*

Jumatano moja jioni, Kalunde Misigaro, fundi cherehani wa sare za shule pale Kasangazi, alipanda behewa la abiria pamoja na binti yake Wande, mwenye umri wa miaka tisa. Wande alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi midomo yake hugeuka rangi ya zambarau, na mwaka huo ilikuwa imeanza kugeuka hata akiwa amekaa. Wiki hiyo madaktari bingwa wa moyo kutoka ng'ambo walikuwa hospitali kuu, na Wande alikuwa amepangiwa Ijumaa, siku yao ya mwisho.

"Mama Wande, mkiwakosa hawa," daktari wa wilaya alikuwa amemwambia, "wengine watakuja lini mimi sijui. Na moyo huu hautasubiri mimi nijue."

Kwa hiyo ilimbidi kufika Ijumaa asubuhi. Treni ya Jumatano ilimpa siku nzima ya akiba, na Kalunde, ambaye aliijua nchi yake, aliichagua kwa sababu hiyo.

Jumatano treni haikuondoka. Alhamisi asubuhi haikuondoka. Adhuhuri Kalunde alimbeba mwanawe mgongoni, akaenda hadi mbele ya treni, alipokuwa amesimama Bwana Simbeye, Ofisa Itifaki wa Behewa Namba Moja, mtu mwembamba mwenye glavu nyeupe.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Treni inaondoka lini?"

"Marahaba. Chai ikinywewa."

"Nani anainywa?"

"Mnywaji wa Niaba."

"Yuko wapi?"

"Semina."

"Semina ya nini?"

Bwana Simbeye alitazama pembeni kidogo. "Ya kuondoa ucheleweshaji katika usafiri wa reli."

Nyuma yao, Mzee Ng'wandu, abiria wa siku nyingi aliyekuwa akinyoosha miguu, alicheka hadi akashika nguzo. "Na amekwenda kwa ndege! Muulize kama hakwenda kwa ndege! Mwanangu, rudi ukae. Mimi mwaka juzi nilisafiri na treni hii kwenda kwenye mazishi, nikawahi arobaini."

"Mzee wangu, mimi sina arobaini ya kuwahi. Nina mtoto mgonjwa."

Mzee Ng'wandu alimtazama Wande midomo, akaacha kucheka.

"Semina inakwisha lini?" Kalunde aliuliza.

"Imeongezwa muda," alisema Bwana Simbeye. "Washiriki walichelewa kufika."

Kikombe kilikuwa dirishani, kama siku ya kwanza ya uhuru, kikiwa kimebadilishwa asubuhi hiyo kwa chai mpya. Walinzi wenye bunduki walikuwa wamesimama pande zote mbili za mlango. Walikuwa wamefundishwa namna ya kuzuia bomu, sumu, wapinzani na nyuki. Kalunde hakuwa katika orodha. Alinyoosha mkono dirishani, akachukua kikombe, akakinywa chote kwa mikupuo minne, akakirudisha kwenye kisahani.

Kengele ikalia. Dereva, aliyekuwa ameisikiliza tangu Jumatano, hakuuliza swali.

*

"Mama! Umefanya nini?" Bwana Simbeye alikuwa akitembea pamoja naye sambamba na treni, iliyokuwa imeanza kujongea.

"Nimekunywa chai."

"Wewe ni Mnywaji wa Niaba?"

"Hapana."

"Una barua ya uteuzi?"

"Baba, nina barua ya daktari."

Ni lazima nieleze alichokifikiri Bwana Simbeye, kwa sababu baadaye wengi walimlaumu bila haki. Kanuni inawajua watu wawili tu wanaoweza kunywa chai ile: Mnywaji na Rais. Huyu si Mnywaji. Ametamka mwenyewe mbele ya walinzi. Ofisa ambaye katika zamu yake chai ya Rais imenywewa na fundi cherehani anafungwa. Ofisa ambaye katika zamu yake chai ya Rais imenywewa na Rais anapandishwa cheo. Na kanuni nyingine, ya zamani zaidi, inasema hakuna ofisa atakayemwacha Rais kwenye jukwaa la stesheni.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Simbeye, akimshika mkono kumpandisha, "karibu ndani. Angalia kidaraja."

Walinzi wakapiga saluti. Mmoja alimpigia Wande pia, kwa tahadhari.

Ndani kulikuwa na zulia, feni, vitanda viwili vilivyotandikwa kila jioni kwa miaka mingi, na picha za marais wote isipokuwa wale ambao haijaamuliwa. Bwana Simbeye aliamuru mapazia yafungwe treni nzima, kwa sababu hii ni treni ya usiku na haikuruhusiwa kusafiri mchana. Mhudumu alipita akiwatakia usiku mwema.

"Mama," alinong'ona Wande, "si jua linawaka?"

"Nyamaza ulale. Wakubwa wameshaamua."

*

Stesheni ya kwanza ilikuwa Nyambole. Treni ikasimama, bendi ikapiga, na Bwana Simbeye akaleta ratiba: kwaya, risala, gwaride la skauti, ngoma, kuweka jiwe la msingi la zahanati, nasaha za Mheshimiwa, sala, kwaya tena.

"Hii yote ni muda gani?"

"Mpaka jua lizame, Mheshimiwa."

"Na stesheni ziko ngapi?"

"Kumi na nne."

Kalunde alitoka mlangoni akiwa na khanga yake ya safari. Kwaya ya Nyambole ilikuwa imeimba mbele ya dirisha lililofungwa tangu enzi za mama zao, na hakuna aliyejiandaa kwa ajili ya mtu kutoka. Mwenyekiti wa mapokezi, aliyekuwa ameshika risala, aliitazama, akamtazama Kalunde, akaitazama tena, kama anayetafuta ni wapi imeandikwa.

"Hilo jiwe la msingi mmeliweka mara ngapi?" aliuliza Kalunde.

"Mara kumi na moja, Mheshimiwa. Leo itakuwa ya kumi na mbili."

"Leo wekeni la pili juu yake. Kesho la tatu. Mtaendelea hivyo mpaka paonekane ukuta. Mbuzi mpeni aliyebeba mawe. Hawa watoto wa skauti watoeni juani. Kwaherini."

Hiyo ndiyo hotuba nzima. Waandishi wa habari waliokuwa ndani ya treni, wenye uzoefu wa kuripoti hotuba za saa tatu kwa mistari minne, sasa walilazimika kuripoti mistari minne kwa saa tatu, na baadhi yao walishindwa. Bwana Simbeye alisema hajawahi kusikia sera iliyo wazi kiasi hicho, na kwamba huenda ni ya siri.

Treni ilipoondoka Kalunde aliagiza wasisimame tena popote.

"Inawezekana, Mheshimiwa," alisema Bwana Simbeye. "Lakini itabidi tusimame kila stesheni kuwatangazia kwamba hatutasimama."

Wakakubaliana kwamba tangazo litolewe na tarumbeta treni ikiwa mwendoni. Stesheni kumi na tatu zilisikia muziki ukipita kwa kasi. Wazee wa mapokezi walibaki wameshika mbuzi wao. Katika stesheni moja, bila kuagizwa na mtu, walimchinja wakamla, na ripoti ya usalama ya wilaya inaueleza mkusanyiko huo kuwa wa furaha isiyo na chanzo.

Wande hakulala vizuri. Alikuwa akivuta pumzi fupifupi, na Kalunde alikaa amemwegemeza kifuani, akizihesabu kisha akiacha kuzihesabu. Bwana Simbeye alikuja mara mbili kuuliza kama Mheshimiwa anahitaji kitu. Mara ya tatu hakuuliza. Aliingiza kichwa tu, akamtazama mtoto, akaenda mbele kwa dereva, na baada ya hapo treni ikaongeza mwendo.

*

Habari kwamba Rais anakuja kwa treni zilifika makao makuu kabla yake. Maofisa wa Ikulu walikimbilia stesheni na zulia jekundu kwenda kumpokea, wakamwacha Rais ghorofani akiita mtu amtafutie soksi.

Ijumaa asubuhi mlango wa Behewa Namba Moja ulifunguliwa, akatoka mwanamke mwenye khanga, amebeba mtoto. Kulikuwa na mawaziri saba. Kila mmoja aliona wazi kwamba huyu si Rais. Kila mmoja pia aliwatazama wale sita wengine, akaona kwamba hawasemi kitu, akafikiri kuna mabadiliko ambayo wenzake wameshajulishwa. Waziri wa Reli akawa wa kwanza kuinama. Waliobaki waliinama zaidi yake, kwa kuwa wamechelewa.

"Karibu nyumbani, Mheshimiwa. Wananchi walikukosa."

"Ahsante, baba. Hospitali kuu iko upande gani?"

Msafara wa magari ulimfikisha mara moja. Mpaka hapo, msomaji atakubali, cheo kilikuwa kimemsaidia. Pale mapokezi kilianza kumponza.

Mkurugenzi wa hospitali, Profesa Mulokwa, alimpokea kwa mikono miwili na uso wa majonzi. "Mheshimiwa, tumepokea heshima kubwa. Kwa bahati mbaya hatuwezi kumtibu mtoto wako."

"Kwa nini? Madaktari wamekwishaondoka?"

"Hapana, wapo juu, chumba cha upasuaji. Wamebakiza wagonjwa wawili. Lakini familia ya Rais haitibiwi hapa. Ni sheria."

"Sheria gani hiyo?"

"Sheria ya Usalama wa Viongozi. Inamlinda Mheshimiwa dhidi ya mambo yanayoweza kuhatarisha maisha yake. Hospitali yetu imetajwa katika kifungu cha pili." Profesa akainua mkono kumtuliza. "Usihofu. Ndege iko tayari. Atapelekwa hospitali bora kabisa ya moyo, huko ng'ambo. Hawa mabingwa walio juu, ndiko walikotoka."

"Kwa hiyo mwanangu atapelekwa kwao, na wao wako hapa."

"Wanarudi kesho, Mheshimiwa. Mtapishana angani kidogo tu."

Wande, begani kwa mama yake, alikuwa na kucha za rangi ya zambarau. Kalunde alizitazama. Alizitazama na ngazi za kwenda juu.

"Profesa, mtu akitaka kuacha urais anafanyaje?"

Profesa Mulokwa alitafuta kiti, akakaa bila kuangalia kama kipo. Kwa bahati kilikuwapo.

"Anaacha vipi? Anapinduliwa?"

"Anaacha mwenyewe. Anajiuzulu."

"Katiba," alisema Profesa polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo wa shuleni, "nadhani inasema anamwandikia Spika."

"Spika yuko wapi?"

"Anatibiwa ng'ambo."

"Basi pokea wewe."

"Mimi, Mheshimiwa? Mimi ni daktari wa ngozi!"

Kalunde aligeuka kwa muuguzi wa mapokezi, Sista Tekla, mwanamke mnene aliyekuwa ameendelea na kazi yake muda wote huo kwa sababu foleni yake ilikuwa ndefu.

"Sista, unaweza kunipokea?"

"Mimi marais sipokei, dada yangu. Napokea wagonjwa."

"Basi nimejiuzulu. Niko na mgonjwa."

Sista Tekla alimtazama juu ya miwani. "Jina la mtoto?"

"Wande."

"Kazi ya mama?"

"Fundi cherehani."

"Haya, Mama Wande. Kaa pale, nyuma ya yule baba mwenye kofia. Na wewe," alimwambia mlinzi wa kwanza wa Ikulu, "toa hiyo bunduki kwenye njia ya machela."

Mlinzi aliitoa. Mawaziri, ambao hawakujua sasa wamfuate nani, walisimama kidogo wakitazamana, kisha wakakaa kwenye foleni wakingoja waitwe, na wawili kati yao waligunduliwa kuwa na shinikizo la damu.

Ilipofika zamu yake, Wande alichukuliwa juu. Alikuwa wa mwisho siku hiyo.

*

Serikali ilishughulikia jambo hili kwa utulivu. Mwanamke yule hakuweza kushtakiwa kwa kujifanya Rais bila kwanza kuwauliza mawaziri saba kwa nini waliinama. Bwana Simbeye alipandishwa cheo kama alivyotarajia, akahamishiwa idara isiyo na reli. Kitu kimoja tu kilimkosesha Rais usingizi, nacho ni lile neno lililotamkwa mapokezi, ambalo ripoti sita tofauti zilikuwa zimelinukuu. Aliona ni vyema likanushwe mapema.

Kwa hiyo Jumatatu, matangazo ya redio yalikatizwa katikati ya taarabu. Katika wodi ya upasuaji wa moyo redio ilikuwa juu ya kabati, na Wande alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, midomo yake ina rangi ya midomo, akilishwa uji na mama yake.

"Ndugu wananchi," mtangazaji alisoma, "Ofisi ya Rais inapenda kuwahakikishia kwamba Mheshimiwa Rais hajajiuzulu, hajawahi kujiuzulu, na hakuna utaratibu wowote wa kumwezesha kujiuzulu."

Hakuna aliyekuwa amesikia kwamba jambo kama hilo hutokea. Wagonjwa wakageuziana nyuso. Baba mwenye kofia, aliyepasuliwa kabla ya Wande, alimuuliza jirani yake: "Kumbe wanaweza?"

"Mama," Wande alisema kwa sauti, "si ulijiuzulu?"

"Nilijiuzulu."

"Ilikuwa vigumu?"

Kalunde alifikiri kidogo, kijiko kikiwa hewani. "Hapana. Kilichokuwa kigumu ni kupata wa kunipokea."

Madaktari walikuwa wamewakataza wagonjwa wote wa wodi ile kucheka mpaka nyuzi zitolewe. Alianza baba mwenye kofia, ameshika kifua kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akiomba wenzake waache. Kisha wa kitanda cha pili, kisha wa dirishani. Sista wa zamu alikuja mbio kuwanyamazisha, akauliza kuna nini, akaambiwa. Ilibidi naye atafute kitanda cha kukalia.